Hatua 24 Tulizoziruka

Leo nimekuja na habari ya gemu. Wazee wangu, nawaomba msihamishe stesheni, kwa sababu gemu hii imepita uani kwenu. Imemeza chenji zenu za nyanya, imewachelewesha watoto wenu madrasa, na nadhani mna haki ya kujua iliishaje. Iliisha mwezi uliopita, Chumbageni, Tanga, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, baada ya miaka zaidi ya 20.

Nilikuwa nimefikia kwa dada yangu. Alitaka tumsaidie kupanga stoo, mimi na mwanawe wa miaka 11. Chini ya magunia matupu na ndoo zilizopasuka tukakuta TV ya chogo ya inchi 14, na juu yake mfuko wa rambo uliofungwa fundo mara mbili. Niliujua kwa harufu kabla sijaona kilichomo. Plastiki iliyopata joto miaka mingi ina harufu yake, haifanani na kitu kingine. Ndani mlikuwa na mashine ya kijivu, pedi mbili zenye nyaya zilizojisokota, adapta, na kaseti ya njano iliyoandikwa 9999999.

Mashine hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mmoja jirani aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju na za ubuyu. Mwanawe mkubwa aliileta kutoka Mombasa, kwa njia ya Horohoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yule mama alipozeeka akahamia Muheza kwa mwanawe, vyombo vikagawiwa majirani, na TV pamoja na mashine vikaangukia kwa dada yangu. Vikakaa stoo. Watoto wa sasa wana simu.

Mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, hii inawaka?" Sikumjibu kwa maneno. Tuliibeba TV mpaka sebuleni, nikachomeka waya wa mashine kwenye tundu la antena, nikaanza kutafuta chaneli. Chenga, chenga, mistari, chenga, halafu anga ya buluu ikatulia kwenye kioo, na ule wimbo ukaanza. Dada yangu alitoka jikoni na upawa mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema kitu. Alikuwa akiujua wimbo huo kwa upande wa pili, upande wa mtu anayetumwa kutuita na kukuta hatutaki kuondoka.

Kwa asiyeijua, gemu yenyewe ni Super Mario Bros. Ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, kwa mashine iitwayo Famicom iliyoanza kuuzwa huko Julai 1983. Ni gemu ya kurukaruka: jamaa mwenye kofia na masharubu anakwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga kobe, anapiga masanduku kwa kichwa, anamtafuta binti mfalme aliyetekwa na joka. Aliyeibuni ni Shigeru Miyamoto, pamoja na Takashi Tezuka, na muziki ni wa Koji Kondo. Kaseti zake halali zilizouzwa duniani zinapita milioni 40. Kaseti ya njano ya mama wa barafu haimo kwenye hesabu hiyo, wala zile zote zilizoingia Tanga, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Hizo zilikuwa nakala, zilizotengenezwa kwa kubana akili yote ya mashine ya Japani katika chipu moja iliyofunikwa kwa doa jeusi la plastiki ngumu. Hakuna aliyehesabu watoto wangapi waliziona. Mimi nasema tulikuwa wengi sana.

Gemu nzima ina ukubwa wa kilobaiti 40. Karatasi hizi ninazowasomea sasa, zikiandikwa kwenye kompyuta, zinakula zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo. Ndani ya kilobaiti 40 waliingiza dunia 8, kila dunia hatua 4, jumla hatua 32, pamoja na muziki na michoro yake yote. Ndiyo maana kila kitu kilibidi kifanye kazi mbili. Ukiangalia vizuri mawingu ya juu na vichaka vya chini, ni mchoro uleule, umebadilishwa rangi tu. Nilipomwonyesha mpwa wangu, alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akacheka kwa furaha. Mimi mwenyewe, miaka yote niliyokaa mbele ya kioo hicho, sikuwahi kuliona hilo.

Kitu kimoja hakikuingia kwenye kilobaiti hizo: kumbukumbu. Mashine haikuhifadhi ulipofika. Ukizima, au ukizimiwa, umerudi hatua ya kwanza, dunia ya kwanza, kana kwamba hujawahi kucheza. Hapo ndipo ilipo habari yangu ya leo.

Sebule ya mama wa barafu ilikuwa na mkeka mmoja. Bei ilikuwa shilingi 50 kwa roho tatu. Roho zikiisha, unampisha mwenzako, unarudi mwisho wa foleni kama bado una sarafu nyingine, na kama huna unabaki kuangalia. Kuangalia kulikuwa bure, mradi usisimame mbele ya TV. Kwa hiyo kwa kila mmoja aliyeshika pedi kulikuwa na wenzake 10 au 15 nyuma yake, na hao 15 hawakunyamaza. Ruka! Subiri! Piga la juu, la juu, hapo pana roho! Mtoto wa fundi cherehani alijua sanduku lisiloonekana lililo kabla ya shimo la kwanza kabisa, lenye uyoga wa kijani. Mtoto wa muuza samaki alijua zamu za kupita penye hatari, anasema "sasa", na kweli ukipita sasa unapita. Kulikuwa na mdogo wetu mmoja ambaye hakuwahi kuwa na sarafu hata siku moja. Alikaa pembeni miezi na miezi akiangalia, na mwisho akawa ndiye tunayemwuliza tukikwama, kwa sababu aliona makosa ya kila mtu.

Mashine haikuwa na kumbukumbu, msikilizaji, lakini gemu ilikumbukwa. Ilikumbukwa pale mkekani, vipande vipande, kila mtoto na kipande chake. Siku akiumwa mmoja, kuna mahali tulikuwa hatupiti.

Na tulichokumbuka zaidi ni njia za mkato. Wanaoijua gemu hii wameshatabasamu. Katika hatua ya pili, ile ya chini ya ardhi, ukipanda juu ya dari na kukimbia mpaka mwisho, unakuta mabomba matatu: moja la dunia ya 4, moja la 3, moja la 2. Hakuna aliyeingia la 2. Unaingia la 4. Kisha katika hatua ya pili ya dunia ya 4 kuna masanduku yasiyoonekana; ukijua pa kuyapiga, unatokeza mmea mtambaa unaopanda mpaka mawinguni, na huko kuna bomba la dunia ya 8. Hesabu hatua: mbili za dunia ya kwanza, mbili za dunia ya nne, nne za dunia ya nane. Hatua 8 kati ya 32. Zile 24 tuliziruka.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wachezaji wenye kasi kuliko wote duniani wanapita njia hiyohiyo. Mmarekani mmoja anayejiita Niftski aliimaliza gemu Aprili 2021 chini ya dakika 4 na sekunde 55, na hatua alizopitia ni zilezile 8 za mkeka wetu. Nilipoliona hilo nilifurahi kwa ajili yetu. Watoto wa Chumbageni, bila kitabu cha maelekezo, bila mtu wa kutufundisha, tulikuwa tumeipata barabara ileile.

Lakini yeye aliifuata kwa kupenda kasi. Sisi ilitulazimu. Roho tatu kwa shilingi 50 hazikufikishi mbali ukitembea hatua zote. Tena kulikuwa na adhana: ikisikika ya magharibi, mama wa barafu alizima TV, na hakuna aliyebishana naye. Na kulikuwa na umeme. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji ya mabwawa nchi nzima, mgawo ukaingia, na sisi wa Tanga, tulio na mto Pangani na mitambo yake ya Hale mkoani kwetu, tulikaa gizani kama wengine. Mtoto asiyejua umeme utarudi lini, au utakatika lini, hawezi kutembea polepole. Anaingia bomba la 4.

Kwa hiyo usiku ule nilimwambia mpwa wangu: safari hii hatuingii bomba lolote la mkato. Tunakwenda zote 32.

Nikiri kwamba miaka michache nyuma nilishajaribu kwenye simu. Nilishindwa, na nikashangaa kwa nini. Vidole vyangu vilikuwa vikiruka kwa kuchelewa, na wimbo ulinikimbilia masikioni kama mtu aliyechelewa basi. Nilidhani simu ina hitilafu. Baadaye nikaelewa. Gemu hii hupiga hatua kwa kufuata idadi ya picha ambazo TV inaonyesha kila sekunde. Japani na Marekani ni picha 60. Kwenye TV za PAL kama zetu ni 50. Mashine ya mama wa barafu ilikuwa ya PAL, kwa hiyo Mario wetu alitembea polepole kwa sehemu moja ya sita, na wimbo wake ulikuwa wa polepole kwa kiasi hichohicho. Miaka yote tulikuwa tukipiga mluzi wimbo wa Kondo kwa mwendo wa kwetu. Simu ilikuwa sahihi, ila haikuwa ile niliyoijua. Ndiyo sababu nilihitaji chombo chenyewe, TV yenyewe, na kama ingewezekana, mkeka wenyewe.

Tulianza saa mbili usiku. Ile hatua ya chini ya ardhi bado ina muziki wake wa kushtua, noti chache kisha kimya. Tukiwa wadogo tuliiita Amboni. Kila mtoto wa Tanga aliyepelekwa na shule kwenye mapango ya Amboni anajua kwa nini: unapita mwanga wa mlangoni, hewa inabadilika, dari inashuka, na sauti ya mwalimu inakuwa na mwangwi. Nimefurahi kusoma kwamba Miyamoto mwenyewe, aliyekulia Sonobe karibu na Kyoto, alikuta pango alipokuwa mtoto, akarudi na taa kuingia ndani, na amesema mara nyingi kwamba gemu zake zinatoka kwenye hisia ile.

Tulipopita chini ya dari ile, bomba la kutokea likiwa mbele yetu, kidole changu kilitaka kupanda juu. Kilitaka chenyewe. Nilikizuia, tukatokea mlango wa kawaida, na tukaingia hatua ya tatu. Mpwa wangu alikuwa anacheza kwa zamu na mimi, roho kwa roho, kwa sheria ya mkeka.

Njiani tuligundua jambo ambalo lilinisikitisha kidogo. Roho za bure tulizokuwa tukizililia utotoni zipo, tena nyingi, mwishoni mwa hatua ya kwanza ya dunia ya 3. Kobe wawili wanashuka ngazi, na ukimkanyaga wa pili kwa namna fulani gamba lake linagonga ngazi na kukurudia, unalikanyaga tena na tena, na roho zinaongezeka. Mkeka wetu haukulijua hilo, kwa sababu bomba letu lilipita juu ya dunia ya 3 yote. Shilingi 50 ile ingeweza kutufikisha jioni.

Dunia ya 4, hatua ya pili. Hapa niliomba pedi hata kama haikuwa zamu yangu, na mpwa wangu aliiona sura yangu akanipa. Aliyetuonyesha mahali pa masanduku yasiyoonekana ni yule mdogo wetu asiyekuwa na sarafu. Alitutangulia mbele ya haki mwaka 2014. Nilikuwa nimeapa kutotumia njia ya mkato, lakini nilisimama pale pale alipokuwa akituelekeza kwa kidole chake kutoka pembeni ya mkeka, nikaruka mara ya kwanza, sanduku likatokea, la pili, la tatu, nikapanda, nikagonga. Mmea ukachomoza, ukakua taratibu mpaka ukapita kioo. Niliuangalia. Muda wa gemu ulikuwa unakwenda, na sekunde zake ni fupi kuliko za saa, zile 400 unazopewa hazifiki hata dakika 4. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, muda." Nikashuka, nikauacha mmea umesimama, nikaendelea mbele kwa miguu.

Kuanzia hapo ilikuwa nchi ya ugenini. Dunia ya 5, ya 6, ya 7. Nilikuwa nimekaa mbele ya gemu hii utoto mzima na sikuwahi kuona dunia ya 6 yenye anga nyeusi. Halafu, katikati ya ugeni huo, nikaanza kukutana na sura ninazozijua. Hatua ya tatu ya dunia ya 5 ni ile ya tatu ya dunia ya kwanza, imeongezewa makombora yanayoruka. Ngome ya dunia ya 6 ni ngome ya dunia ya kwanza, imeongezewa fimbo za moto zinazozunguka. Hatua ya majini ya dunia ya 7 ni ile ya dunia ya 2, ngisi wakiwa wameongezeka. Kilobaiti 40, msikilizaji. Nafasi ya kuchora upya haikuwepo, wakamrudisha mchezaji mahali alipowahi kupita, na kumtaka apapite akiwa fundi zaidi. Aliyetembea njia nzima analitambua hilo mara moja, anapumua, anasema hapa nilishafika. Sisi wa bomba la 4 tungepita bila kujua tumerudi wapi.

Naona hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za gemu, na ilikuwa ndani ya zile 24.

Saa sita kasoro usiku tulikwama. Ngome ya dunia ya 7 ni kumbi zenye njia za juu, za kati na za chini. Ukipita njia isiyo sahihi ukumbi unajirudia, na gemu haikwambii kwamba umekosea. Unakimbia, unaruka, unaona tofali lilelile. Tulizunguka mpaka muda ukaisha, roho ikatoka, tukaanza tena, ikatoka. Mpwa wangu alitaka tutafute jibu kwenye simu. Nilimwambia, ngoja, kuna mtu.

Mama wa barafu alikuwa na binti. Sisi tulicheza kwa sarafu. Yeye alicheza usiku, wateja wakishaondoka, sauti imezimwa ili mama asiamke. Ndiye pekee wa mtaa wetu aliyeweza kutembea, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimhesabia roho. Alikuwa akituambia kuna dunia ya usiku, kuna daraja la samaki warukao, na sisi wavulana tulimwambia anatunga. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa mtaa wa pili. Nilimpigia simu saa hiyo ya usiku, nikaanza kwa kuomba radhi.

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza, "Ile ya kumbi?" Nikasema ndiyo. "Umefikaje huko, hamkuingia bomba?" Nikasema hatukuingia. Akanyamaza tena, kisha akaanza kunipitisha, wapi nishuke, wapi nibaki katikati, wapi nipande, na mpwa wangu akifuata kwa pedi huku simu iko kwenye spika. Alikosea mahali pamoja, akajirekebisha mwenyewe kabla hatujafika. Ukumbi ukafunguka. Upande wa pili wa simu nilisikia mtu anapiga kofi moja, kisha akanong'ona kwamba watoto wamelala. Akasema jambo moja tu kabla ya kukata: yeye aliishia dunia ya 8, hatua ya kwanza. Mama aliamka akazima.

Nilimwomba radhi mara ya pili, kwa yale ya kumwambia anatunga. Akasema, "Hayo yamepita, kaka. Endeleeni."

Dunia ya 8 sitaisimulia yote. Ni ngumu na ni ya haki. Hatua ya kwanza ni ndefu mno kwa muda unaopewa, ya tatu ina kobe warusha nyundo wanaokusubiri mbele ya kuta, na hapo roho zetu ziliisha kabisa, tukarudishwa mwanzo. Nikashika A, nikabonyeza kitufe cha kuanzia, na gemu ikatuanzishia dunia ya 8 hatua ya kwanza badala ya dunia ya kwanza. Siri hiyo nimeijua ukubwani. Mradi umeme haujakatika, mashine inakumbuka dunia uliyofia. Hakuna aliyeijua mkekani, kwa sababu kaseti ya njano ilikuja bila hata kipande cha karatasi.

Na ya mwisho kabisa, hatua ya 32, ni mabomba. Ukiingia lisilo lako linakurudisha mwanzo. Kuna moja lililo juu, hulifikii kwa kuruka, na huoni kitu cha kukanyaga. Tulilizunguka bila mafanikio, na mpwa wangu akaanza kusinzia. Nikamtumia ujumbe wa sauti mtoto wa muuza samaki, ambaye yuko Muscat mwaka wa tisa sasa. Kule ni saa moja mbele yetu, nikajua amelala. Hakuwa amelala. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, na ningependa mngeisikia sauti yenyewe, lakini sikumwomba ruhusa. Alisema: simama karibu na lile bomba la juu, ruka hewani pasipo na kitu, kichwa kitagonga. Lipo sanduku halionekani. Alilikuta mwaka 2006, kwa bahati, akikimbia. Kichwa kiligonga, sanduku likatokea, mkeka mzima ukasimama ukipiga kelele, na umeme ukakatika palepale. Alisema tangu siku hiyo hajawahi kushika gemu hiyo tena, lakini mahali lilipo sanduku hajapasahau.

Mpwa wangu aliruka. Kichwa kikagonga.

Baada ya hapo kulikuwa na maji, ngisi na moto pamoja, kisha kobe wa nyundo mmoja, kisha joka mwenyewe darajani, akitema moto na kurusha nyundo. Mpwa wangu alipita chini yake joka aliporuka, akagusa shoka lililo mwisho wa daraja, daraja likakatika. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika 20. Binti mfalme alisimama pale, kamchoro kadogo, akatushukuru. Kati ya wote waliowahi kukaa mkekani kwa mama wa barafu, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Nilimpiga picha kwenye kioo, nikaituma Muscat na mtaa wa pili.

Gemu ikiisha haikuagi. Inakupa safari mpya, ngumu zaidi: vile vijitu vya kahawia vya mwanzo vinageuka kuwa mbawakawa wenye gamba ambao moto hauwaui. Na kwa kitufe cha B inakuruhusu kuchagua dunia yoyote ya kuanzia. Ni zawadi kubwa, lakini inadumu mpaka mashine izimwe. Nilinyoosha mkono kuizima, tulale. Mpwa wangu akaushika. "Mjomba, ukizima itasahau."

Tukaiacha. Nilitoa adapta juu ya zulia, nikaiweka kwenye sahani ya udongo ili isipate joto sana, kama alivyokuwa akifanya mama wa barafu. Tukazima sauti, tukazima taa. Niliamka mara mbili usiku kuangalia kama umeme upo. Anga ya buluu ilikuwa bado imetanda sebuleni mpaka kwenye dari.

Saa moja asubuhi mtu alipiga hodi. Alikuwa amebeba vitumbua vilivyofunikwa kwa kawa, amevaa ushungi wake wa kwendea sokoni. Alimwamkia dada yangu, akaulizwa hali ya mama, akasema yuko Muheza, anasumbuliwa na miguu tu. Alikaa chini, mbele ya TV, akavuta waya wa pedi uliojisokota akaunyoosha kwa vidole. Akabonyeza B mpaka namba ikafika 8.